Mnara wa Jirani: Simu za Mkononi na Mipaka ya Afrika Mashariki

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuchora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, hadi Ziwa Victoria, wakaupindisha ili mlima Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani. Mstari huo ndio mpaka wa Tanzania na Kenya hadi leo. Unapita kati ya Horohoro na Lungalunga, kati ya Holili na Taveta, kati ya Sirari na Isebania, na unaukata mji wa Namanga vipande viwili vyenye jina moja. Lori la mahindi husimama hapo, na abiria wa basi la Arusha kwenda Nairobi hushuka na pasi mkononi. Mawimbi ya redio hayasimami. Mnara wa simu wa GSM unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35, na mnara uliojengwa Kenya haujali kwamba sehemu ya eneo lake imeangukia Tanzania.

Ndiyo maana mwenye duka wa Namanga, ambaye hajavuka mpaka tangu asubuhi, aliweza kutazama kioo cha simu yake na kukuta jina la kampuni ya nchi nyingine. Akipigiwa na ndugu yake wa Moshi, salio linakatwa kana kwamba yuko safarini. Akipiga yeye, linakatwa zaidi. Kwa watu wa mipakani kero hii ilianza pale minara ilipotoka mijini na kusogelea mipaka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na dawa yake ya kwanza haikutoka serikalini wala kwenye kampuni. Ilikuwa ndani ya simu yenyewe, kwenye kipengele ambacho watu wengi wa mbali na mpaka hawajawahi kukifungua.

Kwenye Nokia za wakati ule ulikuwa unaingia kwenye mipangilio, kisha mipangilio ya simu, kisha kuchagua mtandao. Njia zilikuwa mbili: simu ijichagulie, au mwenyewe uchague. Ukishika njia ya pili simu hukaa kimya kidogo ikisaka, halafu inakuorodheshea kila mtandao inaousikia. Mtu wa Dodoma angeona majina ya nyumbani tu. Mtu wa Namanga, Busia au Rusumo angeona majina ya nchi mbili yamepangwa pamoja kama majirani wa mtaa mmoja. Anachagua la kwake, anabonyeza, basi. Tangu hapo, mtandao wake ukipotea, simu inabaki bila mtandao kuliko kwenda kwa mwingine. Anapoteza simu chache, anaokoa vocha.

Lakini kwa nini simu ikimbilie ng'ambo, wakati mitandao mingine ya Tanzania ipo palepale? Hapa ndipo biashara inapoingia. Kampuni za nchi moja ni washindani, na kwa kawaida hazihudumii wateja wa wenzao. Simu ikipoteza mtandao wake ikabisha hodi kwa mtandao mwingine wa nchi ileile, inakataliwa, na jina la mtandao huo linaandikwa kwenye laini katika orodha fupi ya mitandao iliyokatazwa, yenye nafasi nne. Simu inaendelea kusaka. Ikifika kwa kampuni ya nchi jirani inakuta mlango wazi, kwa sababu kampuni hiyo ina mkataba na kampuni ya nyumbani. Kwa ufupi, mpinzani yuko ndani ya nchi na mshirika yuko nje. Mbaya zaidi, simu iliyokwisha kupokewa ugenini haina haraka ya kurudi. Viwango vya GSM viliacha muda wa kujaribu tena mtandao wa nyumbani upangwe kwenye laini, kuanzia dakika 6 hadi saa 8. Mtu angeweza kushinda siku nzima dukani kwake akiwa, kwa hesabu za simu, yuko nchi za nje.

Mfumo huo haukubuniwa kwa ajili ya Namanga. Ulibuniwa kwa ajili ya Wazungu waliochoka na simu za magari zisizovuka mpaka. Miaka ya 1980 nchi nyingi za Ulaya zilikuwa na mifumo yake, na simu ya nchi moja mara nyingi ilikuwa kopo tu ikifika nchi ya pili. Mwaka 1982 mashirika ya posta na simu ya Ulaya yaliunda kamati iliyoitwa Groupe Spécial Mobile, na kutoka jina hilo ndiko herufi za GSM zilikotoka. Mwaka 1987 nchi 13 zilitia saini makubaliano mjini Copenhagen. Tarehe 1 Julai 1991 Harri Holkeri, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Finland, alipiga simu ya kwanza ya GSM kupitia mtandao wa Radiolinja. Mwaka uliofuata, 1992, Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza zikafunga mkataba wa kwanza wa kupokeana wateja, jambo ambalo ulimwengu umezoea kuliita romingi.

Ubunifu wenyewe uko kwenye kile kipande cha plastiki ambacho Waswahili tumekiita laini. Kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich ndiyo iliyotengeneza laini za kwanza, mwaka 1991, zikauzwa kwa Radiolinja. Ndani ya laini mna namba ambayo mwenye simu haioni, yenye tarakimu hadi 15, na tatu za mwanzo ni za nchi. Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, Burundi 642, Rwanda 635, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni 630. Zinazofuata ni za kampuni: laini inayoanza na 639 02 ni ya Safaricom, na 640 04 ni ya Vodacom Tanzania.

Tuifuate laini moja ya Safaricom ikishuka Namanga kuelekea Longido. Mnara wa Kenya unafifia, jina linatoweka kwenye kioo, simu inaanza kusikiliza. Inakuta mnara wa Vodacom na kujitambulisha. Mitambo ya Tanzania inasoma 639 02, inajua mgeni huyu ni wa nani, inatuma ulizo Kenya. Kenya hairudishi siri za mteja. Inarudisha namba ya kubahatisha pamoja na jibu ambalo laini halali itatoa ikipewa namba hiyo. Tanzania inaikabidhi simu namba ile. Laini inapiga hesabu yake kwa ufunguo wa siri ambao haujawahi kutoka kwenye kadi, inatoa jibu. Majibu yakilingana, mgeni anapokewa, na Nairobi inaandika kwenye daftari lake kwamba mteja fulani sasa atafutwe Tanzania. Haya yote hukamilika abiria akiwa bado anahangaika na begi. Anachokiona yeye ni jina jipya kwenye kioo na ujumbe wa kumkaribisha nchini.

Ujumbe huo wa karibu ulikuwa na bei.

Simu za mkononi ziliingia Afrika Mashariki kama kitu cha wenye nacho. Mobitel ilianza Tanzania mwaka 1994, Celtel ikaanza Uganda mwaka 1995, MTN ikaifuata huko mwaka 1998. Mwaka 2000 ndipo soko lilipofunguka hasa: Safaricom na Kencell kule Kenya, Vodacom huku Tanzania. Kila nchi ilijenga minara yake kwa leseni yake, ingawa miaka 23 tu nyuma, hadi Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, posta na simu za nchi hizi tatu zilikuwa shirika moja. Hata baada ya kuvunjika, mazoea ya ujirani hayakufa yote. Mtu aliyeko Tanzania aliweza kupiga 005 kuipata Kenya na 006 kuipata Uganda, na aliyeko Kenya au Uganda alipiga 007 kuipata Tanzania, bila ya msululu wa namba za kimataifa. Wanaokumbuka simu za mezani wanazijua namba hizo kwa moyo. Kampuni mpya za simu za mkononi hazikuona udugu katika bei.

Mfano mmoja unatosha. Wakenya wawili wamekaa meza moja ya hoteli mjini Arusha, kila mmoja na laini yake ya Kenya. Mmoja anampigia mwenzake aliye upande wa pili wa meza. Simu inatoka Arusha kwenda Nairobi, kwa kuwa ndiko namba ya anayepigiwa ilikosajiliwa. Nairobi inatazama daftari lake, inakuta mteja yuko Tanzania, inairudisha simu Arusha. Safari mbili za kimataifa kwa umbali wa sentimita 80. Anayepiga analipia ya kwenda. Anayepokea, ambaye hakuomba kupigiwa, analipia ya kurudi. Na wakati ule, kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika pwani mwaka 2009, mawasiliano mengi kati ya nchi za Afrika yalitegemea setilaiti, au yalizungukia Ulaya kabla ya kurudi kwa jirani. Kisha mwisho wa mwezi kampuni zilipelekeana majedwali ya simu na kulipana, hesabu zikifanywa kwa SDR, fedha ya mahesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Muuza nyanya wa Busia alikuwa analipa deni lililohesabiwa kwa fedha ambayo haipo mfukoni mwa mtu yeyote duniani.

Tena muuza nyanya huyo alikuwa na bahati kama aliweza kupokewa kabisa. Romingi ya awali ilikuwa ya wateja wa kulipa baada ya matumizi, walioweka dhamana. Laini ya kulipia kabla, ambayo ndiyo ya karibu kila mtu katika Afrika Mashariki, ilikuwa tatizo la kiufundi: mtandao wa ugenini haukuwa na njia ya kujua kwa wakati uleule salio la mteja limebaki kiasi gani, na hakuna kampuni iliyotaka kumkopesha mgeni asiyejulikana. Viwango vya kuziwezesha mashine za nchi mbili kuzungumza kuhusu salio vilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na kampuni zilichukua muda kuvifunga. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya msafiri wa Ulaya mwenye ankara ya kila mwezi ulikuwa haujamfikiria mtu wa vocha ya kukwangua.

Watu hawakusubiri. Mpakani laini ziliuzwa kwenye meza za kando ya barabara pamoja na vocha za nchi zote mbili, na dereva wa lori la masafa marefu alikuwa na laini ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, labda na ya Kongo, zimekunjwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya pochi. Akivuka Malaba anafungua mfuniko wa nyuma, anatoa betri, anabadilisha. Simu iliyofaa kazi hiyo ilikuwa ngumu na rahisi: Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi, ambayo Tanzania iliitwa kitochi na ambayo kwa Wakenya ilikuwa miongoni mwa zile za mulika mwizi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Toleo lililouzwa huku lilishika masafa ya 900 na 1800, yanayotumika Afrika Mashariki yote, Oman na Ulaya, kwa hiyo kitochi cha Tanga kilifanya kazi Maskati bila shida. Aliyekipeleka Marekani aliambulia tochi tu, maana huko GSM ilikuwa kwenye 850 na 1900. Baadaye simu za laini mbili kutoka China zikamwondolea dereva kazi ya kufungua betri.

Kubipu nako kulivuka mpaka. Simu isiyopokelewa haina gharama hata ugenini, na mke wa dereva aliye Kampala alijua kuwa mlio mmoja ni salama na miwili ni nipigie.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo Afrika Mashariki haijisifii vya kutosha. Septemba 2006, Celtel ilitangaza Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mtandao mmoja, ikauita One Network. Mteja wa nchi yoyote kati ya hizo akivuka mpaka alipokea simu bure, alipiga kwa bei ya wenyeji, na aliweza kuongeza salio kwa vocha ya nyumbani au ya alikokwenda. Hakujiandikisha popote, hakuweka dhamana. Na ilikuwa kwa laini ya kulipia kabla, ile ya kila mtu. Ulaya, yenye soko la pamoja, mahakama ya pamoja na fedha ya pamoja, ilikuwa bado inalumbana na kampuni zake. Ilianza kuweka ukomo wa bei mwaka 2007, na raia wake wakaanza kutumia simu nje kwa bei ya nyumbani tarehe 15 Juni 2017, karibu miaka 11 baada ya abiria wa Namanga.

Iliwezekanaje? Kampuni mama ya Celtel ilianzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mhandisi Msudani aliyefanya kazi Uingereza, na mwaka 2005 iliuzwa kwa MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Kufikia 2006 ilikuwa na kampuni pande zote za mpaka: Uganda tangu mwanzo, Tanzania kuanzia 2001, na Kenya baada ya kuichukua Kencell mwaka 2004. Mkataba wa romingi, kwa Celtel, ulikuwa mfuko wa kushoto kuudai mfuko wa kulia. Waliukunja, wakaugeuza kuwa silaha dhidi ya wapinzani waliokuwa wakubwa kuliko wao kule Kenya na Tanzania. Mwaka 2007 mtandao huo ulifika Kongo zote mbili na Gabon, kisha Nigeria, Malawi, Chad na nchi nyingine.

Wapinzani walijibu haraka. Mwaka huohuo wa 2007 Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda, kampuni tofauti zisizo na mmiliki mmoja, ziliungana kutoa huduma ya aina hiyo na kuiita Kama Kawaida. Jina zuri kuliko la Celtel, kwa maoni ya mwandishi huyu, na lililosema hasa kile mteja alichotaka.

Hata hivyo nafuu hizi zilikuwa na sharti dogo ambalo matangazo hayakulipigia kelele: ilikuwa lazima uwe kwenye mtandao wa ndugu. Simu iliyoachwa ijichagulie ingeweza kuangukia mnara wa mshirika mwingine wa kawaida, kwa bei ya kawaida, hasa sehemu ambazo mnara wa ndugu haufiki vizuri. Kile kipengele cha kuchagua mtandao kikapata kazi ya pili. Wa mpakani alikitumia ili abaki nyumbani. Msafiri sasa alikitumia ili afikie kwa ndugu asije akalala hotelini.

Kilichotolewa na kampuni kinaweza kurudishwa na kampuni. Celtel ilibadilishwa jina kuwa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikainunua biashara hiyo ya Afrika kwa dola bilioni 10.7. Vita vya bei vilizikausha kampuni, na baadhi ya serikali zikagundua chanzo rahisi cha mapato: tozo kwa kila dakika ya simu inayoingia kutoka nje. Tozo hiyo haikubagua kati ya simu ya London na ya Kampala, na huduma ya kupokea bure ilikosa hesabu. Wasafiri wakarudi kwenye laini nne ndani ya pochi.

Safari ya pili ilianzia kwa marais. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, katika mikutano yao ya Ushoroba wa Kaskazini, zilikubaliana kuanzisha eneo moja la mawasiliano, na utekelezaji ukaanza mwishoni mwa 2014. Kupokea simu kukawa bure, tozo za simu za ndani ya eneo zikaondolewa, na kupiga kukawekewa ukomo wa senti 10 za Marekani kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwa ndani ya mpango huo ulipoanza. Kwa hiyo mpaka wa Busia ulilegea huku wa Namanga ukibaki umekaza, kinyume na mwaka 2006, wakati mipaka ya Namanga na Busia ilifunguliwa siku moja. Si vigumu kuona mpango upi ulikuwa bora kwa abiria. Ni vigumu zaidi kuona kwa nini serikali za Jumuiya moja zilihitaji kufundishwa na kampuni ya simu, na bado zikafaulu nusu.

Njia ya zamani ya kununua laini mezani nayo imefungwa. Tanzania ilianza kusajili laini mwaka 2009, na mwaka 2019 ikaingia usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha taifa. Kwa usalama ni jambo lenye sababu zake. Kwa mchuuzi wa Isebania anayeuza Sirari mara mbili kwa wiki, laini ya jirani si kitu cha kuokota tena. Wakati huohuo simu janja imeongeza hatari ambayo kitochi hakikuwa nayo. Kitochi kikishika mnara wa jirani kinangoja mtu apige. Simu janja inaanza kupakua kabla mwenyewe hajajua.

Kwa hiyo msomaji anayeishi Holili, Mutukula, Tunduma au Kabanga, afungue mipangilio leo, achague mtandao wake kwa mkono, na kama simu ni janja azime data ya ugenini. Halafu akumbuke kuirudisha simu ijichagulie siku atakayosafiri, maana akiisahau, atafika Kigali na simu isiyo na mtandao, na huko hakuna mnara wa kulaumu.